Sokwe wa Gombe, nyuki wa miombo na sisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu lugha ya binadamu

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa darasani, kwenye boti zinazoondokea ufuko wa Kibirizi, na mara moja msibani, mzee mmoja aliponishika mkono akataka nimwambie kama ni kweli sokwe wanasemezana. Hifadhi ya Gombe iko kilomita kama 16 kaskazini ya mji wetu, kwa hiyo jambo hili kwetu halitoki vitabuni tu. Watu wa vijiji vya mwambao wamezaliwa wakiisikia milio ile ikishuka kutoka milimani. Nimeandika majibu jinsi ninavyoyatoa kwa mdomo. Baadhi ni marefu kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niipende kazi hii.

Shuleni tulikariri kwamba lugha ni mfumo wa sauti nasibu zinazotumiwa na jamii kwa mawasiliano. Je, hiyo inatosha?

Kwa mtihani inatosha, na mimi mwenyewe naiandika ubaoni. Ina maneno matatu mazito: mfumo, nasibu na jamii. Lugha ina mpangilio, maneno yake hayakushuka na maana zake kutoka mbinguni, na haimilikiwi na mtu mmoja.

Neno ninalogombana nalo ni "sauti". Viziwi wana lugha, na lugha yao haina sauti hata moja. Tena kelele zenye maana ziko kila mahali: jogoo anawika, fisi analia, king'ora cha meli kinapiga bandarini. Kwa hiyo sauti haitoshi kuitenga lugha na mawasiliano mengine, wala haihitajiki ili lugha iwepo. Kinachoitenga ni jinsi inavyofanya kazi ndani yake, na huko ndiko maswali mengine yanakoelekea.

Nani aliziorodhesha sifa za lugha, na ziko ngapi?

Orodha inayotajwa zaidi ni ya Charles Hockett, mwanaisimu wa Marekani. Mwaka 1960 alichapisha makala yenye sifa 13, akizilinganisha lugha za watu na mawasiliano ya wanyama. Baadaye aliongeza nyingine, zikafika 16. Hakudai kwamba kila sifa ni ya binadamu peke yake. Alisema nyingi tunashirikiana na wanyama, ila mnyama mwenye zote kwa pamoja hakumpata.

Huwa nawaambia wanafunzi wauzingatie mwaka huo. Tarehe 14 Julai 1960, msichana wa Kiingereza wa miaka 26 aitwaye Jane Goodall alishuka kwenye ufuko wa Gombe akiwa na mama yake, akaanza kuwachunguza sokwe. Mwaka huohuo William Stokoe alichapisha uchunguzi wake kuhusu lugha ya alama ya viziwi wa Marekani. Watu watatu, kila mmoja na shughuli yake, na majibu yangu mengi yamesimama juu ya kazi zao.

Baadhi ya sifa za Hockett hazihitaji maelezo mengi. Sauti husambaa pande zote na msikilizaji hujua imetoka wapi. Hupotea mara tu inapotamkwa. Msemaji hujisikia mwenyewe anachosema. Na anayesikia jambo anaweza kulisema yeye pia, tofauti na vyura wengi ambao dume ndiye anayelia kuita jike. Zinazobaki ndizo zenye uzito.

"Unasibu" maana yake nini? Mbona mimi naona neno "dagaa" linafanana na dagaa?

Linafanana kwa sababu umelizoea tangu utotoni. Panda boti uzunguke ziwa uone. Samaki yuleyule mdogo anayevuliwa usiku kwa taa, ambaye hapa Kigoma ni dagaa, ukifika Bujumbura ni ndagala. Shuka mpaka Mpulungu, Zambia, utamkuta anaitwa kapenta. Maji ni yale, samaki ni yule, ladha ileile. Mgebuka wetu naye akivuka mpaka kuingia Burundi anakuwa mukeke. Samaki hajabadilika hata gamba. Kilichobadilika ni makubaliano ya watu wanaomla.

Huo ndio unasibu: hakuna kinacholifunga neno na kitu isipokuwa mazoea ya wasemaji. Ukilijua hilo hutashangaa kwamba neno fupi linaweza kubeba kitu kikubwa, kama "nchi", na neno refu likabeba mdudu.

Yako maneno yanayoiga sauti au hali. Pikipiki tuliipa jina kwa mlio wake. Tunasema mtu kalala fofofo, kanga nyeupe pepepe, jiwe limetumbukia majini chubwi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa tanakali za namna hii, na lugha nyingi za Kibantu vilevile, kiasi kwamba nadhani wanaoandika kuhusu unasibu wakiwa Ulaya wanazipuuza mno. Hata hivyo, mgeni asiyejua Kiswahili ukimwambia "fofofo" hatajua kama ni usingizi au moto. Kuiga nako kunahitaji makubaliano.

Sauti za Kiswahili ni chache. Maneno yote haya yanatoka wapi?

Hili ndilo somo ninalolifurahia kuliko yote, na sihitaji zaidi ya chaki. Naandika herufi nne ubaoni: l, m, a, i. Kisha nakaa kimya. Baada ya dakika moja kuna anayesema "mali". Mwingine "lima". Wa nyuma anapiga kelele "lami!" Halafu "mila". Mara nyingi kuna mmoja aliyesoma vizuri shule ya msingi anayekumbuka "imla". Maneno matano kamili kwa sauti nne, kila moja ikitumika mara moja tu, na hakuna hata moja linalohusiana na jingine kwa maana. Mali haina lami ndani yake.

Angalia kilichotokea hapo. Sauti "l" yenyewe haina maana yoyote, na "m", "a", "i" ni hivyohivyo. Maana inazaliwa zinapopangwa. Ngazi ya kwanza ni ya vipande visivyo na maana, ya pili ni ya vipande vyenye maana vilivyojengwa kwa vile vya kwanza. Wataalamu huiita sifa hii uwili wa mpangilio. Ndiyo inayoiwezesha lugha yenye irabu 5 na konsonanti zisizofika 30 kuwa na maelfu kwa maelfu ya maneno.

Mlio wa mnyama kwa kawaida hauko hivi. Mlio wa hatari ni wa hatari mzima mzima. Huwezi kuukata vipande ukavipanga upya upate mlio wa chakula.

Na wakati mwingine vipande havibadiliki hata kidogo, unabadilika mkazo tu. Sema "barabara" ukikaza silabi ya "ba" iliyo karibu na mwisho, umesema njia ya magari. Kaza silabi ya "ra" ya kwanza, umesema sawasawa kabisa.

Sasa tuambie wazi: sokwe wa Gombe wanazungumza?

Wanawasiliana, na kwa ustadi mkubwa. Kuzungumza kwa maana ya lugha, hapana.

Mlio wao unaojulikana zaidi huanza taratibu kama mtu anayehema, "huu, huu, huu", pumzi zinaongezeka kasi, unapanda hadi mayowe, kisha unashuka na kuisha. Unafika mbali, kutoka bonde moja hadi jingine. Kila sokwe ana namna yake, wenzake wanamjua kwa sauti jinsi wewe unavyomjua shangazi yako anapobisha hodi. Wana mguno wa chakula, mlio wa woga, mlio wa mdogo anapomsalimu mkubwa. Wana ishara za mikono pia: anayeomba nyama hukinga kiganja, na yeyote aliyewahi kuombwa atamwelewa.

Tena si kila kitu wamezaliwa nacho. Mwaka 1960 Goodall alimwona dume mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akisubiri mchwa wang'ate, kisha akilichomoa na kuwala. Ujuzi huo watoto huupata kwa kukaa karibu na mama zao na kutazama. Kusini yetu, kwenye mwambao uleule wa Tanganyika, iko hifadhi ya milima ya Mahale, ambako Toshisada Nishida wa Japani alianza utafiti mwaka 1965. Sokwe wa kule wana desturi ambayo wa Gombe hawana: wawili wanaotoana uchafu kwenye manyoya hukaa wakiangaliana, kila mmoja akanyanyua mkono mmoja juu, wakashikana viganja, na mikono iliyobaki ikaendelea na kazi. Hata ule mlio wa mbali una tofauti ndogo kati ya Mahale na Gombe. Kwa hiyo hata wao wana mambo ya kikwetu na ya kikwao.

Katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, watafiti wamerekodi sokwe wakiunganisha mlio mmoja na mwingine kwa mpangilio unaojirudia. Nalisema hili kwa sababu ukuta kati yetu na wao si mnene kama tulivyofundishwa zamani. Lakini katika zaidi ya miaka 60 ya kuwasikiliza Gombe, kila siku, hakuna aliyemsikia sokwe akimsimulia mwenzake habari za jana. Goodall mwenyewe, aliyefariki Oktoba 2025, alikuwa akilirudia hilo katika mihadhara yake: lugha hii tuliyonayo ndiyo tofauti kubwa.

Je, sokwe akilelewa na watu na kufundishwa?

Wamejaribu sana. Miaka ya 1940 na 1950 nchini Marekani, Keith na Catherine Hayes walimlea sokwe jike, Viki, kama binti yao. Baada ya miaka ya kazi aliweza kutamka maneno manne tu, tena kwa shida. Wengine wakaona kosa ni koo, basi wafundishe mikono. Mwaka 1966 Allen na Beatrix Gardner walianza kumfundisha sokwe jike, Washoe, alama za viziwi, akajifunza kama 130. Hilo lilitikisa watu wengi.

Kisha akaja sokwe mwingine, Nim. Herbert Terrace wa New York alianza mradi huo mwaka 1973 akitumaini kuthibitisha kwamba sokwe anaweza kuunda sentensi. Nim alijifunza alama 125. Terrace alipokaa kuzitazama upya picha za video, aliona kwamba mara nyingi Nim alikuwa anarudia alama ambazo mwalimu ametoka kuzifanya. Sentensi yake ndefu kuliko zote ilikuwa na alama 16. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "toa chungwa mimi toa kula chungwa mimi kula chungwa toa mimi kula chungwa toa mimi wewe". Isome kwa sauti. Haja yake inaeleweka, na moyo wangu unamwonea huruma, lakini alama 16 hazikusema lolote ambalo tatu za kwanza hazikusema. Sisi sentensi ikirefuka, habari inaongezeka. Yake iliongezeka hamu tu. Terrace alibadili msimamo wake hadharani mwaka 1979, na mimi namheshimu kwa hilo.

Wa kuheshimiwa pia ni Kanzi, sokwe aliyelelewa Marekani, wa jamii ya bonobo ambayo asili yake ni ng'ambo ya Mto Kongo. Alijifunza kugusa michoro ubaoni kwa kumtazama mama yake mlezi akifundishwa, na akaelewa Kiingereza cha kusemwa. Alijaribiwa kwa sentensi 660 ambazo hakuwahi kuzisikia, akatekeleza ipasavyo asilimia 72, akimzidi kidogo mtoto wa miaka miwili aliyepewa mtihani uleule. Ila mtoto yule baada ya mwaka mmoja alikuwa mbali sana, na Kanzi alibaki palepale.

Nyuki je? Baba yangu ni mrina asali, anasema nyuki huambiana maua yaliko.

Baba yako yuko sahihi. Mtafiti Karl von Frisch alitumia miongo kuthibitisha hilo na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili. Nyuki akirudi na nekta huingia gizani mzingani, akacheza juu ya sega lililosimama wima. Anakwenda mbele akitikisa tumbo, anazunguka, anarudia. Akitikisika kuelekea juu kabisa, maana yake ni "fuateni jua lilipo". Akikengeuka nyuzi 40 kulia kutoka kwenye wima, maua yako nyuzi 40 kulia kwa jua. Kadiri anavyotikisika muda mrefu ndivyo maua yalivyo mbali. Mizinga ya magogo inayoning'inia kwenye miombo kuanzia Uvinza mpaka Tabora imejaa ngoma hii, na hakuna mtu anayeiona.

Huu ni uwezo ambao hata sokwe hawajaonyesha kwa kiwango hicho: kutoa habari za kitu kisichoonekana. Lakini mada ni ileile siku zote. Von Frisch aliweka mzinga chini ya mnara, akapeleka nyuki wachache juu kabisa kwenye chakula. Waliporudi walicheza, na wenzao wakatoka wakatafuta pande zote chini kwa chini. Ngoma yao haina namna ya kusema "juu". Mtu anayekosa neno hulitunga, hulikopa au hueleza kwa kuzunguka. Nyuki hawezi.

Na tumbili?

Tumbili wa Amboseli, Kenya, wana milio mitatu tofauti ya hatari. Ya chui, wanakimbilia mtini. Ya tai, wanatazama juu au kujificha kichakani. Ya nyoka, wanasimama kwa miguu miwili na kukagua nyasi. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliwachezea milio iliyorekodiwa, bila chui wala tai kuwepo, na tumbili wakafanya vilevile. Kwa hiyo mlio una maana. Ila tumbili haulizi, "Yule chui wa jana ameondoka?"

Wanaisimu husema lugha inaweza kuongelea yasiyopo. Kwani hilo ni kubwa?

Kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nitoe mfano niliousikia kwa masikio yangu.

Nilikwenda Kibirizi kununua dagaa. Mama mmoja ninayemfahamu alikuwa amewaanika kwenye chanja, rangi yao imefifia, wengine wamevunjika vichwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaniona nawatazama dagaa bila kusema kitu. Akasema: "Mwalimu, juzi mvua isingeninyeshea, leo ningekuuzia wazuri kuliko hawa. Wewe subiri mbalamwezi ipite."

Nilinunua fungu moja nikarudi nyumbani na sentensi hiyo kichwani. Hesabu vitu visivyokuwepo pale. Juzi imekwisha. Mvua imekauka. Juzi *isiyo na mvua* haijawahi kuwepo kabisa, wala dagaa wazuri ambao angeniuzia. Mbalamwezi ilikuwa bado haijapita, na wavuvi hawaingii ziwani inapowaka kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Mama yule kwa pumzi moja alijenga siku nyingine kabisa, tofauti na hii tuliyonayo, akaniweka ndani yake nikamwelewa. Na kifaa alichotumia ni silabi moja, "nge", na ukanushi wake "singe". Hakuna ngoma ya nyuki wala mlio wa sokwe wenye "nge".

Kiswahili kinatufungulia mbele pia: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Siku nne zisizoonekana, kila moja na jina lake. Na nyuma tunarudi tutakako. Mtoto wa Ujiji anaweza kukusimulia jinsi Livingstone na Stanley walivyokutana hapo mwaka 1871, au jinsi meli ya Liemba ilivyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikalala majini hadi ilipoibuliwa mwaka 1924. Hakuwepo. Babu yake hakuwepo.

Wanyama wanaweza kudanganya?

Wanaweza kuficha. Goodall aliandika kuhusu Figan, dume kijana aliyenyang'anywa ndizi na wakubwa kila alipopiga kelele za furaha. Siku nyingine akapewa ndizi, akajibana sauti ikabaki kooni, akala zote. Uongo wetu unakwenda mbali zaidi kwa sababu una maneno. Na kwenye uwezo huohuo ndiko kunakotoka hadithi zote za sungura na fisi ambazo bibi zetu walizianza kwa "Paukwa!"

Kwa nini husemwa kwamba lugha haina mwisho?

Chukua kitenzi "soma". Unapata somea, somesha, someka, someshana, someshea. Weka viambishi: "hatukuwasomesheana"? Wanafunzi watakataa papo hapo, wataniambia imepinda, na hakuna aliyewahi kuwafundisha sentensi hiyo mahususi. Lakini "hawakusomeshewa" wanaikubali bila kusita, japo pengine hawajawahi kuitamka. Wana kanuni vichwani.

Kisha sentensi hubeba sentensi. Najua. Najua kwamba unajua. Mama anasema anajua kwamba unajua. Pumzi ndiyo itakayokuishia, sarufi haitakuzuia.

Lugha ya alama ni lugha kamili, au ni ishara tu za kusaidia?

Ni lugha kamili. Stokoe alionyesha mwaka 1960 kwamba alama moja imejengwa kwa vipande: umbo la kiganja, mahali inapofanyiwa, na mwendo wa mkono. Badilisha kipande kimoja, maana inabadilika, sawasawa na kubadilisha "l" na "m" katika lami na mali. Uwili wa mpangilio upo palepale. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na si Kiswahili kilichotafsiriwa kwa vidole. Viziwi wanaweza kwa lugha hiyo kusimulia jana, kuahidi kesho, kutania, kudanganya na kutunga mashairi.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulitoka Nicaragua. Kuanzia mwaka 1977 watoto viziwi walikusanywa katika shule jijini Managua. Wengi hawakuwa na lugha yoyote zaidi ya ishara za nyumbani kwao. Walimu walikazana kuwafundisha kusoma midomo kwa Kihispania, bila mafanikio makubwa. Watoto wenyewe, uwanjani na kwenye basi, wakaanza kuunganisha ishara zao. Wadogo waliofuata wakazipokea na kuzipa kanuni, na katika muda usiofika kizazi kimoja kukawa na lugha mpya duniani. Hakuna mtu mzima aliyeitunga.

Nina jambo la kusema hapa. Niliwahi kumsindikiza kijana kiziwi, kaka wa mwanafunzi wangu, kwenye ofisi moja kushughulikia karatasi zake. Dada yake alikuwa anamtafsiria vizuri. Aliyetupokea alimtazama kijana, akanigeukia mimi, akasema, "Huyu ni bubu, leteni mtu anayesema." Kijana alikuwa amesema muda wote. Aliyetupokea ndiye hakuijua lugha. Tusiwaite viziwi mabubu. Neno hilo linawavua kitu ambacho wanacho kikamilifu.

Kiha ni lugha, au ni kilugha tu?

Ni lugha, ya sisi wa huku Kigoma. Sifa zote zilizotajwa hapa kinazo, na kinatumia kidatu, kupanda na kushuka kwa sauti, kwa namna ambayo Kiswahili sanifu hakina. Mpaka uliotutenga na Burundi ulichorwa na wakoloni, ndiyo maana Muha wa Kasulu na Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanaelewana bila mkalimani. Neno "kilugha" linatumiwa kudogosha. Hakuna lugha ya watu, yenye maandishi au isiyo nayo, iliyopatikana ikiwa nusu lugha.

Lugha ikipigwa kwa ngoma au filimbi inabaki lugha?

Ikitokana na lugha inayosemwa, ndiyo. Walokele wa pande za Kisangani walipeleka habari kijiji hadi kijiji kwa ngoma ya mti yenye sauti mbili, ya juu na ya chini, zikifuata kidatu cha maneno yao. Kwa kuwa maneno mengi yana kidatu kinachofanana, waliongeza mafungu ya maneno ili msikilizaji asipotee.

Mtoto huzaliwa na lugha yake?

Huzaliwa na uwezo, lugha huikuta. Mtoto wa Kiha akilelewa Tanga atasema Kiswahili cha Tanga. Lakini hapokei kama kasuku. Mpwa wangu akiwa na miaka mitatu alikuwa anamwita kuku wetu, "Kuja! Kuku, kuja!" Nyumbani kwetu hakuna mtu mzima anayemwita yeyote "kuja", wote tunasema "njoo". Alikuwa amesikia kimbia, lala, kaa, akatambua kwamba amri ni kitenzi kisicho na "ku" mbele, kisha kwenye "kuja" na "kula" akakuta "ku" haibanduki, akaitumia ilivyo. Kosa lile lilikuwa kanuni yenyewe ikifanya kazi. Hatukumsahihisha kwa ukali, na kabla hajafika miaka minne "njoo" ilikuwa imekaa mahali pake.

Nikienda Gombe nisikilize nini?

Boti zinaondokea Kibirizi. Msituni kaa mbali na sokwe angalau mita 10, vaa barakoa, maana mafua yetu yanawaua, na usiige milio yao. Asubuhi mapema na jioni kabla hawajajenga viota ndipo wanapoitana sana. Sikiliza mlio wa kwanza unatoka bonde lipi na nani anauitikia. Mwongozaji mzoefu atakutajia jina la sokwe kabla hamjamwona.

Halafu boti ikirudi mjini, wasikilize abiria. Safari yangu ya mwisho nilikaa karibu na dada mmoja aliyempigia simu mama mkwe wake Kasulu, akamweleza sokwe jike tuliyemwona asubuhi akishuka kwenye mchikichi. Simu ilikuwa na sauti kubwa, tukamsikia mama mkwe akiuliza, "Alikuwa amebeba mtoto?"